Mchezo wa Zamani, Kompyuta ya Linux na Kazi ya Mwalimu

Suala la michezo ya kompyuta katika skuli za msingi limekuwa likizungumzwa kana kwamba ni suala la vifaa peke yake. Wapo wanaosema: tupeni kompyuta mpya, nasi tutafundisha. Wapo wengine wanaosema: michezo ni upotezaji wa wakati, na mtoto hakuja skuli kucheza. Sisi tunaona kuwa pande zote mbili zinaiacha kando kazi yenyewe ya mwalimu. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo moja dogo, nalo ni uchezeshaji wa michezo ya zamani, iliyotungwa kwa ajili ya Windows, katika kompyuta zinazotumia Linux. Kwa kulitazama jambo hilo tunataka kuonyesha kosa ambalo walimu wanafunzi wanaweza kuliepuka tangu mwanzo wa kazi yao: kudhani kuwa mchezo ukishakubali kufunguka, somo limekwisha kuandaliwa.

Hali ilivyo

Mwalimu mwanafunzi anayepelekwa mazoezi ya kufundisha katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kama vile Pete, Kitogani, Ukongoroni na Charawe, akibahatika kukuta kompyuta skulini, asitaraji kukuta mpya. Aghalabu kompyuta za skuli zetu ni za kutolewa, zimekwisha kutumika kwingine, na pengine zimefuatana na sanduku la diski za michezo ya kujifunzia ya miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000. Kompyuta za namna hii zimeingia katika shida mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa maalumu cha usalama ambacho kompyuta nyingi kuukuu hazina. Basi kompyuta iliyo nzima, inayowaka na kuzimika bila kasoro, yaweza kuhesabiwa kuwa imekufa.

Dawa inayojulikana ni kuiwekea kompyuta hiyo Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Hutolewa bila ya malipo, na zipo aina zake zinazotosheka na kompyuta dhaifu. Wala si kitu kigeni kwetu Waswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu programu za aina hii mtu yeyote ana ruhusa ya kuzifungua na kuzitengeneza.

Lakini mwalimu akishaiweka Linux hukutana na swali la pili. Anatia diski ya mchezo, na mchezo haufunguki. Haukutungwa kwa Linux. Je, sanduku lile la diski litupwe?

Mkalimani wa kwanza

Jibu letu ni kuwa lisitupwe kwa haraka. Ipo programu iitwayo Wine, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1993, na ikafikia toleo lake la 1.0 mwezi wa Juni 2008, baada ya miaka kumi na mitano ya kazi. Jina hilo lisimshtue msomaji. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, wala hakuna kileo ndani yake. Kazi ya Wine ni kuziwezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuwaeleza watoto wa Jozani, kwani mfano wake wanauona kila siku. Mgeni wa Kitaliano anafika msituni kutazama kima punju. Anauliza swali kwa lugha yake. Muongozaji wa wageni analisikia, anamuuliza mzee wa kijiji kwa Kiswahili, anapokea jibu, analirudisha kwa Kitaliano. Mgeni hakujifunza Kiswahili, mzee hakujifunza Kitaliano, na mazungumzo yamekwenda. Ndivyo ilivyo Wine. Mchezo unaomba kwa lugha ya Windows: nifungulie faili, nichoree picha, nipigie sauti. Wine hulipokea ombi, huliambia Linux kwa lugha yake, na kulirudisha jibu. Haijifanyi kuwa kompyuta nyingine. Hapo ndipo inapotofautiana na DOSBox, programu iliyotoka mwaka 2002, ambayo huunda kompyuta nzima ya kizamani ndani ya kompyuta ya leo, ili kuiendesha michezo iliyoitangulia Windows 95.

Yako mambo ambayo mkalimani huyu huyaweza hata kuliko wenye lugha yao. Windows za leo za biti 64 haziziendeshi tena programu za biti 16, yaani zile za zama za Windows 3.1, ambapo Wine mara nyingi huziendesha. Hata diski nyingi za miaka ya 1990, ambazo mchezo wake ni wa biti 32, zina programu ya kusakinishia ya biti 16, na kwa hiyo Windows mpya huzikataa mlangoni. Kwa hiyo haifai kudhani kuwa Linux ni kimbilio la maskini tu. Kwa mchezo wa zamani yamkini ndiyo nyumba iliyo bora.

Hata hivyo mkalimani huchoka na hukosea. Diski zenye kufuli za kuzuia kunakiliwa mara nyingi hukataa. Mchezo mwingine hufunguka bila ya sauti, na mwingine huzimika katikati. Watengenezaji wa Wine wameweka orodha ya programu zilizojaribiwa, na kila moja imepewa daraja: platinamu, dhahabu, fedha, shaba, na ya mwisho kabisa takataka. Orodha hiyo ina manufaa makubwa kwa mwalimu kabla hajapoteza jioni yake. Lakini na azingatie kuwa daraja lile linapima jambo moja tu: kama mchezo unafunguka na kwenda sawasawa. Mchezo wa upuuzi unaweza kupata platinamu.

Maandalizi ya fundi

Kwa kuwa walimu wengi hawana fundi wa karibu, tunatoa hapa mambo machache ya kutendwa kabla ya siku ya somo.

Kwanza, mwalimu ahakikishe kuwa diski ni mali halali ya skuli. Uzee wa mchezo hauondoi haki ya aliyeutunga. Pili, ikiwa masharti ya mchezo yanaruhusu, atoe nakala ya diski na kuihifadhi ndani ya kompyuta. Hewa yetu ya chumvi na unyevu haizihurumii diski, na mikono ya watoto pia. Tatu, kila mchezo autengee folda yake ya Wine, ili mmoja ukiharibika usiuvuruge mwengine. Nne, katika mipango ya Wine achague zama za mchezo, kama vile Windows 98 au Windows XP, kwani michezo mingine hukataa kwenda ikiambiwa kuwa ipo katika Windows mpya. Tano, ikiwa mchezo unakijaza kioo chote na kuvuruga picha, aamuru uchezwe ndani ya dirisha dogo la ukubwa wa nukta 640 kwa 480; michezo mingi ya wakati ule ilichorwa kwa kipimo hicho. Sita, asidhani kuwa Linux itamkinga na kila uovu. Programu mbaya ya Windows inaweza kufanya kazi ndani ya Wine vile vile, na kuyafikia mafaili ya mtumiaji. Basi flashi zisizojulikana zisikaribie.

Jambo la saba ni kubwa kuliko yote hayo: mwalimu aucheze mchezo mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho, juu ya kompyuta ile ile itakayotumika. Mwalimu asingeingia darasani na kitabu ambacho hajakisoma.

Mwaka 2018 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na kwa hiyo michezo mingi mipya ya Windows sasa huchezwa katika Linux. Hayo ni maendeleo makubwa, lakini si ya kompyuta tunazozizungumzia, kwa sababu Proton hutaka kadi ya picha ya kisasa. Kwa mchezo wa kujifunzia wa mwaka 1996, Wine ya kawaida inatosha.

Kwa nini mchezo wa zamani?

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini taabu yote hii, na hali Linux ina michezo yake ya kufundishia? Swali hili ni la haki. GCompris, kwa mfano, iliyoanza mwaka 2000, ina mazoezi zaidi ya mia moja ya hesabu, kusoma na mantiki, na haihitaji mkalimani. Sisi tunasema wazi kuwa penye programu ya Linux inayolitosheleza somo, mwalimu aanze na hiyo.

Lakini mchezo wa zamani una sifa tatu. Ya kwanza ni kuwa umekwisha kununuliwa, uko kabatini. Ya pili ni kuwa mchezo wote umo ndani ya diski: hautaki intaneti, hauleti matangazo ya biashara, wala haumshawishi mtoto kununua silaha au mavazi kwa fedha za mzazi. Michezo mingi ya leo imetungwa ili isimalizike. Mchezo wa zamani wa kujifunzia ulitungwa ili umalizike. Mwalimu anayejua thamani ya kipindi cha dakika 40 ataielewa tofauti hiyo. Ya tatu ni kuwa baadhi ya michezo hiyo ilitoka mikononi mwa walimu, na hapa tungependa kutoa mfano mmoja ambao kila mwalimu mwanafunzi angefaa kuujua.

Mwaka 1971, katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, walimu wanafunzi watatu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha. Don Rawitsch alikuwa akifundisha historia. Wenzake, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa wakifundisha hisabati. Rawitsch alitakiwa kufundisha habari za watu waliohamia magharibi katika karne ya 19, kwa magari ya kukokotwa na maksai, safari ya kilomita zipatazo 3,200 hadi Oregon. Alianza kwa kuchora ramani juu ya karatasi, akakusudia kutumia dadu na kadi. Wenzake walipoiona wakasema kuwa jambo lile linaweza kuandikwa kwa kompyuta, na katika muda mfupi wakaliandika. Kompyuta yenyewe haikuwa na kioo. Majibu yalichapwa juu ya karatasi. Mchezo huo, The Oregon Trail, baadaye ulienezwa katika skuli za Minnesota, na katika miaka ya 1990 ulikuwa umeandikwa upya kwa ajili ya Windows. Kwa hiyo diski hiyo ikitiwa leo katika kompyuta ya Linux na kusomwa kwa Wine, asili yake ni andalio la somo la mwalimu mwanafunzi.

Mkalimani wa pili

Sasa tuchukulie kuwa mchezo huo umefunguka kijijini karibu na Jozani. Kazi ya fundi imekwisha. Je, mtoto wa Darasa la Sita anaona nini? Anaona maksai wa kukokota magari, theluji, mito asiyoijua, na Kiingereza cha haraka. Anaambiwa anunue unga na risasi kwa dola. Anasafiri katika ardhi ambayo mchezo wa zamani unaionyesha kama kwamba inawangoja wahamiaji, na hali ilikuwa na wenyewe: Wapawnee, Walakota, Washoshone na wengineo, ambao uhamiaji ule uliwaletea maradhi, vita na kunyang'anywa nchi. Hayo yote Wine haiwezi kuyatafsiri. Imemaliza ukalimani baina ya mchezo na kompyuta. Ukalimani baina ya mchezo na mtoto haujaanza. Huo ndio wa mwalimu, na hakuna programu itakayomfanyia.

Tunapendekeza utaratibu ufuatao. Tuseme darasa lina watoto 40 na kompyuta nne. Nusu ya darasa ikae kwenye kompyuta, watoto watano kwa kila moja, na nusu nyingine ifanye hesabu zile zile kwa karatasi. Kipindi cha pili wabadilishane. Katika kila kundi la watano, mmoja ashike kipanya, wa pili atunze hesabu ya fedha, wa tatu asome ramani, wa nne aandike shajara ya safari kwa Kiswahili, na wa tano awe mfasiri mwenye kamusi. Zamu zibadilike. Kwa njia hii hakuna mtoto anayekaa kutazama mgongo wa mwenzake, na kompyuta moja inatoa kazi tano.

Kipindi chenyewe kigawanywe: dakika kumi za kutayarisha, dakika kumi na tano za mchezo, dakika kumi na tano za mazungumzo baada ya kompyuta kuzimwa. Walimu wengi wanaogopa kuzima, kwa sababu watoto hunung'unika. Na wanung'unike. Ni katika mazungumzo yale ndipo mchezo unapogeuka somo. Kwa nini kundi la Pili liliishiwa na chakula kabla ya nusu ya njia? Lilitumia kiasi gani kwa siku? Lingepaswa kununua kiasi gani? Na wenye nchi ile wangeisimulia vipi safari hiyo?

Kisha mwalimu alete safari ya kwetu. Katika karne hiyo hiyo ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikiwa na bidhaa zilizovushwa kutoka Unguja, ikapita Tabora hadi Ujiji, na mizigo yake ilikokotwa na nani? Haikukokotwa, ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mtoto akipiga hesabu ya frasila mbili, zipatazo kilo 32, juu ya bega la mtu mmoja kwa miezi, atakuwa amejifunza hisabati na historia kwa pamoja, na ataurudia mchezo wa Oregon kwa jicho jengine.

Hatimaye watoto watunge wao. Tumeona kuwa mchezo ule mashuhuri ulianza kwa ramani ya karatasi na dadu, na vitu hivyo havikosekani Jozani. Kima punju hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kuwa wanazidi 5,800. Msitu wao, pamoja na Ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Barabara inayoelekea pwani ya kusini mashariki inaukata msitu huo, na yaliwekwa matuta ili magari yasiwauwe. Watoto wachore barabara, miti na mashamba. Dadu iamue nani anavuka. Kadi zieleze gari liendalo mbio, tuta, mkulima aliyekasirika na mgeni aliyetupa chakula. Atakayecheza atahesabu, atasoma na ataijua nchi yake. Ikiwa baadaye mchezo huo utaandikwa kwa kompyuta, ni vyema. Ikiwa hautaandikwa, somo limekwisha kupatikana.

Walio na shaka

Wako wanaosema kuwa mwalimu wa skuli ya msingi hana wakati wa kujifunza Wine. Sisi tunajibu kuwa hatumtaki awe fundi. Mambo saba tuliyoyataja yanaweza kufanywa jioni mbili au tatu, na yakiandikwa katika daftari la skuli, mwalimu atakayefuata hatayaanza upya. Kinachohitaji miaka ni ule ukalimani wa pili, na huo ndio tuliouchagua tulipochagua ualimu.

Wapo pia wanaohofu kuwa mtoto wa kijijini anapewa makombo, mchezo wa kale katika kompyuta ya kale, na wa mjini anapewa kipya. Hofu hii tunaiheshimu, na haki ya skuli za vijijini kupata vifaa vizuri isiachwe kudaiwa. Lakini kati ya kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa na kompyuta kuukuu iliyozungukwa na watoto watano wenye kazi, hatuoni sababu ya kuichagua ya kwanza eti kwa kuwa tunangoja mpya. Darasa la Sita la mwaka huu halitangoja.

Basi, walimu wanafunzi, mkifika skulini mkakuta sanduku la diski, yafuateni maswali kwa mpangilio wake. Ulizeni kwanza somo linataka nini. Ulizeni pili ni mchezo gani unaoweza kulisaidia. Swali la kama Wine itaufungua liwe la tatu. Anayeanza na la tatu hupata mchezo unaokwenda vizuri, na watoto waliofurahi nusu saa, na akiulizwa wamejifunza nini hatakuwa na la kujibu.